Diski Tupu Iliyojaa

Inspekta alikata utepe wa polisi kwa wembe, akasukuma mlango kwa kiwiko, akaingia kwenye chumba cha kurekodia cha maktaba ya sauti. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, siku ya sita tangu vitabu vipotee.

Chumba kilikuwa kidogo, cha watu wanne kubanana. Kuta zilibandikwa trei za mayai kutoka chini hadi juu ili kelele za nje zisiingie, na trei zenyewe zilikuwa zimepakwa rangi mara nyingi hata ncha zake zikawa butu. Juu ya mlango palikuwa na balbu nyekundu. Mezani kulikuwa na maikrofoni, kompyuta moja, printa, na diski ya nje nyeusi isiyozidi ukubwa wa pakiti ya biskuti. Humo ndimo walimohifadhi vitabu mia nne na kumi na viwili, vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea kwa miaka ishirini na sita, kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya wasioona iliyo ng'ambo ya ua. Jumanne iliyopita diski ilifunguliwa ikakutwa tupu. Mitihani ilikuwa imebaki wiki tatu.

Inspekta alikijua chumba hiki, ingawa hakumwambia mtu. Kaka yake alisoma hapa enzi za kaseti. Kila likizo alirudi nyumbani na begi limejaa vitabu vya kusikiliza, na kazi ya Inspekta, wakati huo binti wa miaka tisa, ilikuwa kuanika betri juani ili zipate nguvu ya kumalizia sura moja zaidi. Walisikiliza pamoja, vichwa vimegusana juu ya redio. Mpaka leo aliweza kuitaja mifupa ya mkono kwa mpangilio, na kila alipoitaja alimsikia nesi mwenye mafua aliyeisoma kwenye kaseti.

"Umeanza bila mimi, Inspekta," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa msimamizi wa maktaba. Watu wote walimwita Mwalimu, maana kabla ya maktaba alikuwa amefundisha historia kwa miaka mingi. Hakuwahi kuona tangu utoto. Aliingia bila fimbo, akapapasa mgongo wa kiti mara moja tu, akakaa.

"Nimekusubiri kwa dakika tano, Mwalimu."

"Dakika nne." Alibonyeza saa yake ya mkononi, nayo ikatamka wakati kwa sauti ya kubana. "Haya, niulize. Ila nikuambie mapema, Fundi hakufanya hili jambo."

Inspekta alitoa karatasi mbili kwenye bahasha ya kaki. Moja ilikuwa barua ya Fundi wa maktaba kwenda kwa bodi, ya miezi minane nyuma. Fundi aliomba mambo mawili: kwanza inunuliwe diski ya pili ya akiba, pili waachane kabisa na mfumo wa Windows na mashine ibaki na ule wa Linux peke yake, kwa sababu za usalama. Barua iliishia hivi: *Mkinipuuza, iko siku tutakaa hapa tunalia.*

Karatasi ya pili ilikuwa ripoti ya mtaalamu aliyetumwa na makao makuu Jumatano. Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili, na mtu huchagua mmoja anapoiwasha. Kumbukumbu za Windows zilionyesha kwamba Jumanne iliwashwa saa tano na dakika nne asubuhi, diski ikaguswa saa tano na dakika kumi, mashine ikazimwa saa tano na nusu. Saa hizo Fundi alikuwa peke yake chumbani, na mwenyewe hakukataa. Mtaalamu alimalizia kwamba Fundi alifuta vitabu ili kuithibitishia bodi kuwa Windows si salama. Siku hiyo hiyo Fundi alisimamishwa kazi na chumba kikafungwa.

"Kwa nini unasema si yeye?" Inspekta aliuliza.

"Kwa sababu tumebishana miaka kumi na tano. Mtu mwenye hila habishani, anakuitikia tu. Yule ananijia na hoja kila asubuhi kabla hata ya salamu."

"Hoja gani?"

"Kwamba Windows yangu ni nyumba isiyo na komeo." Mwalimu alicheka kidogo. "Mimi ninaipenda kwa ajili ya sauti. Ile programu inayonisomea kilichopo kwenye kioo, ninayo miaka kumi na tisa. Najua inavyovuta pumzi. Ya kwenye Linux yake inaongea kama mtu aliyebanwa pua. Nikamwambia, wewe unachagua mfumo kwa macho, mimi ukinibadilishia sauti umenihamishia nyumba nisiyojua swichi ziko wapi. Basi akaniwekea yote miwili, kila mtu na wake. Sasa mtu wa namna hiyo atafuta vitabu?"

Inspekta alimwomba aiwashe mashine upande wake. Muziki mfupi wa Windows ulilia, kisha sauti ya kike yenye haraka ikaanza kusoma. Vidole vya Mwalimu vilipita kwenye kibodi bila kusita hadi kwenye diski ya nje. Sauti ikasema hakuna kitu.

"Ndivyo ilivyoniambia Jumanne saa tisa na nusu," Mwalimu alisema. "Nilirudia mara saba."

"Sasa iulize nafasi. Diski ina ukubwa gani, na kiasi gani kimetumika."

Vidole vikapita tena. Sauti ikataja gigabaiti mia tano kwa jumla. Zilizotumika, mia nne themanini na mbili.

Inspekta alitoa daftari lake.

"Irudie," alisema Inspekta.

Mwalimu alirudia. Jibu likawa lile lile. Diski haikuwa na kitabu hata kimoja, na hapo hapo ilikuwa imejaa hadi shingoni. Inspekta aliandika namba hizo kwenye daftari, akazipigia mstari.

"Jumanne hiyo ulikuwa wapi?"

"Hadi saa saba darasani, nawasaidia wanafunzi kujisomea. Halafu nikajinyoosha chumba cha pili, hapo nyuma ya ukuta. Nilisikia mtu akiwasha mashine hii. Muziki wa Windows, huo huo uliousikia. Nikabonyeza saa yangu, ikasema saa nane na dakika tano. Nikamweleza mtaalamu wenu. Akasema kumbukumbu za mashine hazisinzii, mimi nilikuwa nimelala."

"Nini kingine ulisikia?"

Mwalimu aligusa ukingo wa meza, akaufuata kwa kidole hadi kwenye kona. "Hicho tu."

Inspekta akafunga daftari.

* * *

Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa mwandiko mzuri na alijivunia. Alimfungulia Inspekta daftari kubwa la wageni na kumfutia vumbi kwenye kiti.

Inspekta alianzia Jumatano. Mtaalamu wa makao makuu: kuingia, saa tano na nusu asubuhi; kutoka, saa sita na robo. Akachukua ile ripoti kuangalia pembeni kabisa, kwenye herufi ndogo ambazo printa huweka yenyewe na hakuna mtu anayezisoma. *Imechapishwa Jumatano, 08:52.*

Aliisoma mara mbili. Karatasi ilichapishwa saa tatu kasoro dakika nane, ndani ya chumba kile, na mtu ambaye alikuwa bado hajafika getini.

"Labda ni saa ya Kizungu na ya Kiswahili, mama," Mlinzi alisema, akichungulia begani kwake. "Hizo hupishana, watu wengi zinawachanganya."

"Hizo hupishana masaa sita. Hapa ni kama matatu."

"Basi mimi sijakosea. Mimi naandika kwa hii." Akanyoosha mkono kuonyesha saa yake.

"Najua hujakosea. Nisomee Jumanne."

Mlinzi alisoma kwa kidole. Fundi alitoka saa saba kamili, kumpeleka mama yake kliniki, hakurudi. Gari la shule liliingia saa saba na dakika arobaini, Dereva peke yake. Likatoka tena saa tisa kasoro robo kwenda kuchukua mkate. Kati ya hapo hakuna mgeni aliyeingia wala kutoka.

Inspekta alipiga hesabu kwa vidole, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Saa tano na dakika nne, ongeza masaa matatu. Akashukuru, akarudi ndani kwa hatua ndefu.

Mwalimu alikuwa bado amekaa pale pale.

"Iulize mashine ni saa ngapi."

Mwalimu alibonyeza. Sauti ya haraka ikatamka, na Inspekta akatazama mkono wake. Mashine ilikuwa nyuma masaa matatu kamili.

"Hiyo?" alisema Mwalimu. "Hiyo siku zote huongopa. Nilishazoea. Ninatumia hii ya mkononi."

"Kwa nini hukumwambia mtaalamu?"

"Hakuniuliza. Aliniomba nimpishe kiti."

Inspekta alikaa kwenye stuli ya wasomaji, wakawa magoti kwa magoti. "Basi hukulala, Mwalimu. Saa nane na dakika tano mtu aliingia hapa kweli, na Fundi alikuwa kliniki na mama yake. Sasa niambie ulichobakiza. Umekaa nacho siku sita, na mwenzako yuko nyumbani anaitwa mharibifu."

Mzee alivua miwani yake myeusi, akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na kazi ya kuona.

"Nilisikia sauti ya mwanamke," alisema. "Kwa sekunde tatu, nne. *Jiografia, kidato cha pili, sura ya nne.* Halafu ikakatwa."

"Unamjua?"

"Nawajua wote. Huyo alisoma vitabu thelathini na kimoja. Alikuja kila Alhamisi akitoka kazini, miguu imevimba, anavua viatu anasoma. Tulimzika mwaka juzi." Akavaa miwani. "Alikuwa mke wa Dereva."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje, Inspekta? Niliona nikimtaja nimemtia mgane matatani kwa kumsikiliza mkewe. Nikaona upelelezi utamsafisha Fundi wenyewe. Siku zikapita."

* * *

Dereva alikuwa uani anafuta kioo cha gari la shule kwa gazeti. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa miaka hamsini na kitu, shati lake limepigwa pasi kwa mistari miwili begani, mistari ya mtu anayejipigia mwenyewe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba." Hawakupishana sana kwa umri, lakini Dereva ndiye aliyewahi kuamkia. Inspekta aliinama akachungulia redio ya gari. "Mahali pa flashi ni patupu. Wanafunzi wanasema gari hili halijawahi kukosa nyimbo."

"Niliitupa."

"Lini?"

"Jumatano."

"Kwa nini?"

Dereva aliendelea kufuta mahali pale pale palipokwisha takata. Kisha akakunja gazeti mara nne, akaliweka juu ya boneti.

"Nilitaka sura moja tu," alisema. "Binti yangu anajifungua mwezi ujao. Nikawaza, mtoto atakuja na hajui bibi yake alikuwa na sauti gani. Na mimi mwenyewe, nisikufiche, ilikuwa imeanza kunitoka. Nakumbuka maneno yake, ila sauti inayoyasema ni yangu. Sheria inasema vitabu havitoki nje. Ningeomba kwa nani? Nikachukua ufunguo kwenye msumari, nikachomeka flashi, nikakipata kitabu, nikasikiliza kidogo. Nikakinakili. Nilipomaliza nikaangalia, diski haina kitu. Vitabu vyote vimekwenda. Nikazima, nikatoka."

"Flashi hiyo nyimbo ulikuwa unatiliwa wapi?"

"Kibandani, stendi. Kila mwezi."

"Na Fundi aliposimamishwa?"

"Kila asubuhi nilikuja kusema. Nafika mlango wa ofisi, narudi kupasha gari moto." Aliitazama mikono yake. "Nilidhani nimewaua wote, afande. Wale wasomaji wote. Kwa ajili ya kumtaka mmoja."

Inspekta aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu asaini. Kisha akapiga simu kwa Fundi.

* * *

Fundi alifika baada ya nusu saa, mtu mfupi mwenye ndevu chache na begi la mgongoni lenye kibandiko cha pengwini, nembo ya Linux, ambaye kwa sababu hiyo wenzake kazini walimwita Pengwini. Inspekta alimwelezea mlangoni kwa maneno machache: Dereva, flashi ya kibandani, sura ya nne. Habari ya Mwalimu alimwachia Mwalimu mwenyewe, akisema Fundi ataisikia kwa mwenye nayo.

Wakaingia, Dereva nyuma yao, wakawa wanne pamoja na Mwalimu. Dereva alisimama akiegemea trei za mayai kama anayetaka kuingia ndani yake.

"Usiguse kitu," Inspekta alimwambia Fundi. "Nijibu kwanza. Kwa nini mashine inachelewa masaa matatu?"

"Haichelewi. Upande wangu haichelewi." Fundi alifunga mikono nyuma kwa utiifu. "Linux inaiwekea mashine saa ya dunia, halafu yenyewe inaongeza masaa yetu matatu. Windows inachukua saa ya mashine kama ilivyo. Ingekuwa kwenye intaneti ingejirekebisha, ila mashine hii niliinyima intaneti makusudi, ibaki salama."

"Salama," alisema Mwalimu kutoka kitini. "Umeinyima intaneti, virusi vikaja kwa miguu, ndani ya flashi."

"Vikaingia mlango gani? Wa kwako. Flashi hiyo hiyo ingechomekwa kwangu, ingekaa kama jiwe."

"Kwako asingejua hata pa kubonyeza. Alichagua kwangu kwa sababu kwangu mtu anaelewa."

"Mwizi naye huchagua nyumba anayoielewa."

"Mimi si mwizi," Dereva alisema taratibu, na wote wawili wakaona aibu.

"Sikukusudia wewe, ndugu yangu," Fundi alisema. "Hatuongei kuhusu watu. Sisi hii ndiyo kawaida yetu."

Inspekta akauliza swali lake la pili. "Diski inaonekana tupu, lakini imetumika gigabaiti mia nne themanini na mbili. Ni za nini?"

Fundi alimtazama. Mikono ikamtoka nyuma. "Nani amekwambia hivyo?"

"Windows ya Mwalimu."

"Na huyo mtaalamu wenu hakuangalia?" Fundi alivuta pumzi. "Flashi ya kibandani. Basi hamna kilichofutwa. Kuna virusi vya stendi vinaingia kwenye diski vinaficha mafolda, vinayaandika yasionekane. Windows ikiambiwa kitu kimefichwa, inatii, haikuonyeshi. Linux haijali maagizo hayo. Ungeniita Jumatano ningekwambia, ila Jumatano niliambiwa nitoe vitu vyangu mezani."

"Iwashe upande wako."

Mwalimu aliinuka kumpisha. Fundi akakaa, akaiwasha mashine, akaandika nywila yake mbele yao bila kuificha. Kwanza Inspekta alitaka kumbukumbu za Jumanne. Zilionyesha Linux ikifanya kazi mfululizo tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba kasoro dakika mbili. Kwa hiyo saa tano, Windows isingeweza kuwa imewashwa, mashine ikiwa moja. Inspekta aliandika, akachora mstari chini, na kwa upande wa polisi mambo yakawa yameisha hapo.

Kisha Fundi akaifungua diski.

Mafolda yalijaa kioo, yakaendelea kushuka. Historia. Hisabati. Hadithi za watoto. Kila folda na jina la aliyesoma: nesi, karani wa posta, seremala, mama wa duka la vitambaa, wengine wamehama, wengine wamekufa. Fundi alihesabu kwa sauti chini chini mpaka namba ya mwisho.

"Mia nne na kumi na viwili."

Mwalimu alitafuta bega lake kwa mkono, akalipata. "Kuna neno," alisema. "Siku ile niliisikia sauti ya mke wake. Nilijua. Nikanyamaza siku sita, wewe uko nyumbani."

Fundi hakugeuka. "Mama yangu alikuwa ananiuliza kila jioni," alisema, "mwanangu, umefanya nini huko? Nikamwambia sijafanya kitu. Nikaona hajaamini vizuri."

"Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

"Utakwenda. Leo." Kisha akaongeza, "Na utapanda ngazi za ghorofa zote nne, lifti ni mbovu."

"Nitapanda."

Inspekta angeweza kuondoka wakati huo. Ripoti ilikuwa imekwisha kichwani: hakuna kosa la jinai, kuna ukiukaji wa sheria za maktaba, shauri lirudi kwa bodi. Alikifunga kifuniko cha kalamu. Lakini alimwona Dereva bado yuko ukutani, macho yapo kwenye kioo, yanatafuta jina moja, hathubutu kuomba.

"Fungua Jiografia," Inspekta alimwambia Fundi. "Nahitaji kuhakikisha vitabu ni vizima."

Fundi alielewa. Akachagua sura ya nne.

Sauti ilikuja ikiwa na mvumo wa kaseti nyuma yake, ya mwanamke asiye na haraka, akieleza jinsi mto unavyokula ukingo mmoja na kujenga mwingine. Mahali fulani alikosea neno, akacheka kidogo puani, akarudia. Walisikiliza kwa dakika kumi na saba, hakuna aliyeketi kati ya waliosimama. Dereva alikuwa amefumba macho, na midomo yake ikimfuata mkewe, nusu neno nyuma.

Sura iliisha. Kaseti haikuzimwa palepale. Karatasi zikasikika zikipangwa, kiti kikalia, na ile sauti ikasema, si ya kusomea sasa, ya kawaida, ya nyumbani: "Zima basi, kaka, mume wangu ananisubiri nje. Njaa inamuuma huyo, ila hawezi kusema."

Na kwa mbali, nyuma ya ukuta wa trei za mayai, ikasikika honi ya gari, mara mbili, fupi fupi, kama ya mtu anayeona haya kuharakisha watu.

"Nilikuwa nje kweli," Dereva alisema.

Fundi aliacha mkono juu ya meza, hakugusa kitu. Mvumo wa kaseti ukaendelea mpaka mwisho wake wenyewe.